Namba Chini ya Stika

Kila siku kengele ya mwisho ilipolia, wenzake walikimbilia uwanjani, naye Parafujo alikimbilia karakana ya baba yake. Alivua sweta ya shule, akavaa aproni ya bluu iliyomfika chini ya magoti, akachukua brashi na kuanza kusafisha vumbi ndani ya kompyuta zilizoletwa kutengenezwa. Jina la Parafujo alipewa na majirani alipokuwa na miaka mitatu, siku aliyojiingiza parafujo ndogo puani akakimbizwa zahanati. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, na hakuna aliyemwita vinginevyo, hata mama yake.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kupima ramu kuukuu. Ramu ni kijibao chembamba, kirefu kama kiganja cha mtoto, ambacho kompyuta hukitumia kushikilia kazi inayoifanya kwa wakati huo. Baba alizitoa ramu hizo kwenye kompyuta zilizokufa, Parafujo akazichomeka moja moja kwenye mashine ya majaribio. Aliyoikuta nzima aliiandikia herufi N kwa kalamu nyekundu ya wino usiofutika. Kwa kuwa alipenda madoido, N yake ilikuwa na kijimkia kilichojikunja kama cha kinyonga.

"Wewe unaandika au unafuma?" baba alimtania.

"Naweka sahihi, baba. Siku moja nitakuwa fundi maarufu."

"Haya, fundi maarufu, waya umeuchomoa?"

Hilo ndilo lilikuwa neno la baba. Kabla ya kugusa kitu chochote ndani ya mashine, chomoa waya wa umeme kwanza. Alilirudia mara nyingi hata mama, aliyekuwa mwoka mikate, akawa analisema nyumbani kabla ya kumenya vitunguu, na wote watatu wakacheka.

Mtaani watu walimwamini sana fundi huyo. Walimwachia kompyuta zenye picha za harusi zao na barua zao, wakaenda zao bila wasiwasi. "Fundi akisema imekufa, usiulize mara ya pili," walisema. Parafujo alipoyasikia maneno hayo alijiona mrefu kuliko alivyokuwa.

Shuleni, darasa lao lilikuwa na kazi moja kubwa muhula ule. Mtoto wa darasa la pili alikuwa amegongwa na gari akivuka barabara mbele ya lango la shule. Alipona, lakini alikaa na plasta mguuni kwa miezi miwili. Mwalimu wa kompyuta, dada mmoja kijana aliyependa kuvaa raba, akapendekeza watengeneze katuni fupi ya kuwafundisha wadogo namna ya kuvuka. Penseli, rafiki mkubwa wa Parafujo, alichora picha zote. Redio, mvulana ambaye mdomo wake haukujua kupumzika, alitoa sauti ya lori, ya kuku na ya polisi wa barabarani. Katuni ilikuwa ya dakika nne, na ingeonyeshwa Ijumaa ya wiki iliyofuata mbele ya wazazi na madarasa ya chini.

Tatizo lilikuwa kompyuta. Katika chumba kile zilikuwamo tisa, na moja tu, iliyokaa pembeni karibu na dirisha, ndiyo iliyoweza kuchezesha katuni. Hata hiyo ilikuwa inakwama. Lori likifika katikati ya barabara, picha iliganda, ikaruka, ikaganda tena.

"Kompyuta hii haina kifaa chake cha pekee cha kuchorea picha," mwalimu alikuwa amewaeleza. "Kwa hiyo inatumia ramu hata kwa picha. Ramu zikiwa na kasi, picha zitateleza."

Wazazi walipolisikia hilo, walishirikiana wakanunua ramu mbili mpya. Mwalimu alimpelekea baba yake Parafujo kompyuta pamoja na ramu hizo, zikiwa bado kwenye kasha lake. Baba alizifunga bila kutaka malipo. Kompyuta ilirudi Alhamisi asubuhi, ikiwa imefutwa vumbi inang'aa.

Darasa zima lilikusanyika. Mwalimu aliiwasha, akaifungua katuni. Kuku alitembea. Mtoto alifika ukingoni mwa barabara. Lori likaja, likafika katikati, likaganda.

"Jamani!" Redio akasema. "Ramu mpya za konokono!"

Watoto wakacheka, ila Parafujo hakucheka. Mwalimu alikunja uso, akafungua ukurasa unaoonyesha habari za mashine, akausoma kwa kidole. "Ukubwa ni sawa, gigabaiti kumi na sita. Lakini kasi…" Alilichukua kasha tupu la ramu, akalisoma, akautazama tena ukurasa. "Kwenye kasha imeandikwa 3200. Hapa mashine inasema 2133."

Kisha Redio akafungua kinywa kama kawaida yake. "Labda fundi kazila zile nzuri, katuwekea makombo."

"Redio!" mwalimu alimkemea.

Lakini neno lilikuwa limekwisha toka. Parafujo alisimama. "Baba yangu hawezi kumdanganya mtu. Hawezi! Naapa mbele yenu wote. Ni mpangilio tu haujakaa sawa, na mimi mwenyewe nitaurekebisha. Mtaona."

Mchana ule aliingia karakana akihema. Baba alikuwa ameinamia kompyuta ya mteja, bisibisi mkononi.

"Shikamoo, baba. Ramu za shule zinakwenda kwa 2133. Kwenye kasha imeandikwa 3200. Kwa nini?"

Bisibisi ilisimama. Baba hakuinua kichwa mara moja. "Marahaba, mama," alijibu. "Aa, hilo ni jambo la kawaida. Ramu ya kasi ikifungwa, kompyuta huiendesha kwanza kwa mwendo wa tahadhari. Ile kasi iliyoandikwa haiji yenyewe, mpaka uingie kwenye mipangilio ya ndani uiruhusu. Mashine ikiwaka tu, bonyeza kitufe cha kufutia. Utakuta sehemu ya ramu. Tafuta palipoandikwa kasi kamili, ruhusu, hifadhi, toka."

"Nilijua!" Parafujo alimkumbatia shingoni kutoka nyuma. "Nilijua tu! Kesho Redio atanyamaza mwaka mzima."

Baba alimpigapiga mkono, akaendelea kufungua parafujo.

Ijumaa Parafujo aliketi mbele ya kompyuta, mwalimu akiwa amesimama nyuma yake. Alibonyeza, akaingia, akaikuta sehemu ya ramu. Alisoma kila mstari, kutoka juu mpaka chini na kutoka chini mpaka juu. Mahali pa kuruhusu kasi kamili hapakuwapo.

"Baba, hapapo," alimwambia jioni.

"Hapapo?" Baba alijikuna shavu. "Basi labda zimekaa kwenye nafasi zisizo zake. Bodi kuu ya kompyuta ina nafasi nne za ramu. Zihamishe, uziweke ya pili na ya nne. Waya kwanza."

Jumatatu Parafujo alizihamisha, ya pili na ya nne, akazibana mpaka zikalia kwa pande zote mbili. Aliwasha. 2133. Penseli, aliyekuwa amemshikia kurunzi, akasema polepole, "Si kitu. Labda kesho."

"Baba, bado," alimwambia siku ile ile.

Safari hii baba alifuta mikono kwanza. "Bodi yenyewe ni ya zamani, mwanangu. Labda haiwezi. Waambie wapunguze ukubwa wa picha, waache mambo ya kasi."

"Lakini niliapa, baba."

"Watu huapa, mama. Wewe waambie bodi imezeeka."

Parafujo hakulala vizuri. Kulipokucha aliwahi shule, akaomba kitabu cha maelekezo ya bodi kilichokuwa kimefungiwa kabatini. Alikisoma akiwa amekaa sakafuni, kidole kikifuata mistari. Ukurasa wa kumi na tisa ulisema wazi kwamba bodi ile inaweza kubeba ramu za 3200. Aliruka kwa furaha. Baba alikosea tu! Hata fundi mkubwa husahau. Kitabu kilieleza pia kwamba mtu anaweza kuiandika kasi mwenyewe, kwa mkono.

Kipindi cha kompyuta kilipofika, aliandika 3200, akahifadhi, akatoka.

Skrini ikawa nyeusi. Kompyuta ikalia mara tatu, ikazima, ikajiwasha, ikalia tena mara tatu.

"Parafujo, umefanya nini?" mwalimu aliuliza.

"Picha zangu zimo humo!" Penseli alishika kichwa, machozi yakaanza kumlengalenga. "Picha zote!"

"Sasa mmeiua kabisa," Redio alisema. "Wewe na baba yako."

Mwalimu aliwatoa wengine nje wakapumzike, akainama karibu na Parafujo. "Unaweza kuirudisha?"

"Naweza, mwalimu. Nikitoa betri ndogo ya kwenye bodi itasahau nilichoandika. Picha za Penseli hazijaguswa, ziko kwenye diski."

"Rudisha. Ukimaliza, iwe basi. Ijumaa tutaonyesha hivyo hivyo, inavyokwama." Hakuwa amekasirika, alikuwa amechoka tu, na hilo lilimuuma Parafujo zaidi. Mwalimu akaenda ofisini kuitikia simu.

Parafujo alichomoa waya. Alifungua kasha la kompyuta, akaitoa betri ya mviringo. Alipokuwa akisubiri, akaona bora asafishe na ramu zenyewe, kama baba alivyomfundisha, kwa kusugua kwa kifutio meno yake ya rangi ya dhahabu, yale yanayoingia kwenye bodi. Alitoa ya kwanza. Akaishika kwa kidole gumba ili isiteleze, akasugua. Jasho la kidole lilikuwa jingi. Stika yenye namba 3200 ikasogea.

Aliitazama. Stika za kiwandani hazisogei. Hii ilikuwa imejikunja pembeni, na chini yake ulionekana ukingo wa stika nyingine, yenye rangi ya njano iliyofifia. Aliivuta taratibu kwa ukucha. Ikabanduka yote bila ubishi.

Chini yake palikuwa na namba 2133. Na juu ya namba hiyo, kwa wino mwekundu, palikuwa na herufi N yenye kijimkia kilichojikunja.

Parafujo alikaa akiitazama ile N. Mwandiko ulikuwa wake. Hakukuwa na njia ya kujidanganya kwamba duka ndilo lililokosea au kiwanda ndicho kilichokosea. Ramu hii ilikuwa imelala kwenye droo ya karakana yao. Yeye mwenyewe alikuwa ameipima. Alibandua stika ya ramu ya pili, akaikuta N nyingine.

Alizirudisha mahali pake. Aliirudisha betri, akaiwasha kompyuta, ikawaka. Picha za Penseli zilikuwamo zote. Mwalimu aliporudi alimkuta amesimama mlangoni na mkoba mgongoni.

"Imewaka," Parafujo alisema. "Naumwa, mwalimu. Naomba ruhusa niende nyumbani." Na kwa namna fulani hakuwa amesema uongo.

Karakanani, baba alikuwa na mteja, mama mmoja aliyekuja kuchukua kompyuta ya kanisa lao. Alikuwa akimsifu. "Fundi, wewe ni mtu wa pekee. Siku hizi mafundi wanakubadilishia vitu mchana kweupe, lakini wewe, aa, nalala usingizi." Baba alitabasamu, akambebea kompyuta mpaka nje. Parafujo alisimama pembeni, hajavua sweta, hajavaa aproni. Mteja alipoondoka, aliweka stika mbili mezani, zile zenye namba 3200.

Baba aliziona. Uso wake ulibadilika kama wa mtu aliyeitwa jina asilolitarajia.

"Nani mwingine ameziona?" aliuliza.

Parafujo alikuwa amejiandalia maneno mengi njiani, lakini swali lile liliyafuta yote. "Hilo ndilo la kwanza unaloniuliza?"

"Funga mlango, mama. Usipaze sauti."

"Ziko wapi ramu za shule, baba?"

Baba alivuta droo ya chini kabisa, akatoa kitambaa, akakifungua. Ramu mbili mpya zilikuwamo, zenye mabaka meusi ubavuni. Bado zilinukia moshi.

"Niliziunguza," alisema. "Jumanne ile nilikuwa na kazi sita. Nilitaka kuharakisha. Moja ilikaa upande, nikaisukuma. Nikaona cheche." Aliutazama waya ukutani. "Sikuwa nimechomoa waya."

Parafujo alimtazama. "Wewe?"

"Mimi. Miaka ishirini sijafanya hivyo, siku ile nikafanya. Nikawaza, nitawaambiaje wazazi? Watasema fundi gani huyu. Nikachukua ramu za ukubwa ule ule kwenye droo. Nikachapa stika. Nikajiambia nani shuleni atatazama namba ya kasi? Kazi itafanyika, na mwezi ujao nitatafuta nyingine nizibadilishe kimyakimya."

"Mimi nilitazama."

"Najua."

"Hujui!" Sauti ya Parafujo ilipasuka. "Ningekuelewa kwa kuunguza. Hata kwa stika, labda ningekuelewa. Lakini nilikuja hapa Alhamisi nikakuuliza, ukaniambia nitafute mpangilio. Ijumaa ukaniambia nihamishe nafasi. Jana ukaniambia bodi imezeeka. Ulikuwa unajua kila mara kwamba haitakubali! Ulikaa hapo ukanitazama nikihangaika siku sita. Nilikukumbatia, baba. Nilikukumbatia huku wewe ukijua."

Nje gari lilipita, madirisha yakatetemeka.

"Niliapa mbele ya darasa," Parafujo aliendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Leo Penseli amelia kwa sababu yangu. Redio alisema kweli, na mimi nikamwona mbaya."

"Nisikilize," baba alisema. "Onyesho ni Ijumaa. Niachie mpaka lipite, nitafute ramu nyingine, nizibadilishe. Hakuna atakayeumia. Tunyamaze siku tatu tu."

"Tunyamaze? Mimi na nani?" Parafujo alichukua mkoba wake. "Kesho asubuhi namwambia mwalimu. Kama unataka kumwambia wewe kwanza, mwambie."

Alitoka. Hakwenda nyumbani, alikwenda kwenye duka la mikate, akamkuta mama akipanga trei nyuma ya kaunta, nyusi zikiwa na unga. Alimweleza yote. Mama aliacha trei, akakaa juu ya gunia.

"Wewe ulijua?" Parafujo aliuliza. Aliogopa jibu kuliko alivyoogopa kitu chochote siku ile.

"Sikujua, mwanangu. Nilimwona hali chakula vizuri, nikadhani ni tumbo." Mama alimvuta karibu. "Baba yako ni mtu mwema. Nakwambia hivyo kwa sababu ni kweli, si ili unyamaze. Mtu mwema akidanganya, ni uongo vilevile. Ukisema kesho, mimi niko nyuma yako."

Jioni ile walikaa kula. Baba alimwekea Parafujo kipande kikubwa cha mkate kwenye sahani. Hakukigusa.

Asubuhi baba alikuwa ameshaondoka. Parafujo alikwenda shule akitazama nyuma kila hatua kumi. Alisimama langoni mpaka kengele ikalia, hakumwona. Basi amekimbia, aliwaza. Alikwenda moja kwa moja chumba cha kompyuta. Mwalimu alikuwa peke yake.

"Mwalimu, nina jambo. Ramu zile si zile mlizonunua. Baba aliunguza zile mpya, akaweka za zamani, akabandika stika. Niligundua jana nikanyamaza, nikasema naumwa. Naomba radhi." Alisema yote kwa pumzi moja, kisha machozi yakaja na hakujaribu kuyazuia.

Mwalimu alimwacha amalize kulia. Kisha akampa karatasi ya kujifutia. "Baba yako yuko ofisini kwa mwalimu mkuu tangu saa moja kasorobo. Alimkuta mlinzi hata hajafungua lango. Amekwisha tueleza."

"Mbona hukuniambia, ukaniacha niseme yote?"

"Nilitaka uyaseme. Yalikuwa yako, yangekukaa kifuani."

Muda si mrefu darasa lilijaa, na baba akaingia na mwalimu mkuu. Alikuwa amevaa shati lake la kutokea. Alisimama mbele ya watoto thelathini na wanane, bahasha mkononi, akaonekana mdogo kuliko alivyoonekana karakana.

"Shikamoo," watoto walisema.

"Marahaba." Alikohoa. "Ramu mlizonunuliwa na wazazi wenu niliziunguza kwa uzembe wangu. Sikusema. Niliweka kuukuu, nikabandika namba ya uongo juu yake. Mmekwama wiki nzima kwa sababu yangu."

Hakuna aliyecheka. Redio aliinua mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. "Kwa hiyo Parafujo hakujua?"

"Hakujua. Alikuwa akinitetea, nami nikamwacha anitetee. Aliyegundua ni yeye, na aliyenilazimisha nije ni yeye."

Watoto wote wakamgeukia Parafujo. Alitazama meza.

Baba alifungua bahasha, akatoa ramu mbili. Alizitoa kwenye kompyuta yake mwenyewe ya karakana, ile anayofanyia kazi. Hakuzibandika chochote. Alizipitisha kwa watoto kila mmoja azishike na asome namba. Kisha akaikaribia kompyuta ya dirishani, akasita, akasema, "Naomba fundi wa darasa azifunge."

Parafujo aliinuka. Hakumtazama baba yake usoni. Alichomoa waya. Alizifunga ramu nafasi ya pili na ya nne, akazibana mpaka zikalia. Aliwasha, akabonyeza kitufe, akaingia kwenye mipangilio. Sehemu ya ramu ilifunguka, na humo, mstari wa tatu, palikuwa na maneno ambayo hakuyaona siku zote zile: kasi kamili. Aliruhusu. Alihifadhi. Alitoka.

Kompyuta ilikaa kimya kidogo, kama inayofikiri. Ikawaka. Mwalimu alifungua ukurasa wa habari za mashine, akasoma kwa sauti, "Elfu tatu na mia mbili."

Katuni ilichezeshwa. Kuku alitembea, mtoto alifika ukingoni, akatazama kulia, akatazama kushoto. Lori lilikuja, likapita katikati ya barabara likiteleza, na sauti ya Redio ikalifuata mpaka likatokomea. Darasa lilishangilia. Penseli alimrukia Parafujo, akambana karibu kumvunja mbavu. Redio alijongea polepole. "Nilikuwa natania tu siku ile," alisema.

"Ulisema kweli," Parafujo alimjibu.

"Nilisema bila kujua. Hiyo si kweli, ni bahati tu."

Mwalimu mkuu, mzee mwenye sauti nzito, aliwanyamazisha. "Watoto, sikilizeni. Kuunguza kitu ni ajali, na ajali humpata yeyote. Lau fundi angekuja siku ile ile, tungesikitika asubuhi, mchana tukasahau. Aliona aibu ya siku moja ni nzito, akaibadilisha kwa uongo, na uongo ukamwangukia mtoto wake. Mkikosea, semeni mapema, kosa likiwa bado dogo na likiwa bado lenu peke yenu. Na mkigundua uongo wa mtu mnayempenda, msiubebe kwa niaba yake."

Ijumaa onyesho lilifanyika. Mtoto aliyegongwa, ambaye sasa alitembea bila fimbo, aliketi mstari wa mbele, akaitazama katuni mara tatu. Baba alikaa nyuma kabisa. Wazazi walikuwa wamekwisha kuisikia habari yake; kadhaa walimsalimia, wengine walimpita. Mama mwenye kompyuta ya kanisa alimtazama kwa muda mrefu, kisha akatikisa kichwa kwa masikitiko.

Waliporudi nyumbani, mama alitangulia, baba na Parafujo wakafuata nyuma.

"Umenisamehe, mama?" baba aliuliza njiani.

Parafujo alifikiri. Angeweza kusema ndiyo, ikawa rahisi kwa wote wawili. "Bado," alisema.

Baba aliitikia kwa kichwa taratibu. "Ni haki yako. Mimi ndiye niliyeuvunja uaminifu wako, kwa hiyo si mimi wa kukupangia siku ya kuurudisha. Kazi yangu ni kusema kweli kesho, na kesho kutwa, na siku zote, hata kama hunijibu."

Walipofika mahali pa kuvuka, magari yakiwa mengi, Parafujo hakumwacha baba yake avuke peke yake. Alisimama kando yake, wakatazama kulia, wakatazama kushoto, wakasubiri barabara ipumue, ndipo wakavuka pamoja.